Muulize Mkaguzi: Tipa la mchanga getini kwa shule

*Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la nne, shule ya msingi ya huku kwetu Tabata. Tangu Pasaka jirani wa shule anajenga ghorofa, ukuta kwa ukuta na madarasa. Mchanga na kokoto amemwaga kwenye njia ya miguu, kwa hiyo watoto wanashuka barabarani ndipo wapite. Matipa yanakuja saa moja kasorobo asubuhi, watoto wakiwa ndiyo wanaingia. Juzi moja lilirudi nyuma likakanyaga begi. Mwenye begi aliwahi kuruka. Ukimuuliza msimamizi anajibu "kibali kipo" na kuendelea na simu yake. Wazazi wengine wanataka tuchange, Jumamosi tujenge tuta wenyewe. Je, mimi mzazi tu nina haki ya kuuliza kibali cha mtu?* — Mama wa wawili, Tabata

Marahaba, mwanangu. Nianze na tuta, maana Jumamosi haiko mbali. Msijenge. Matuta ya wananchi nimeyaona mengi: zege la ndoo tatu, limeinuka kama kaburi, halina rangi wala kibao. Usiku anapita kijana wa bodaboda na abiria, haoni kitu, na kesho yake nyie mliochanga mnaitwa kituoni kueleza. Barabara ina mwenyewe. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Tuta linaombwa huko, kwa maandishi.

Sasa kibali. Nilikagua majengo miaka 26 kabla ya kustaafu, na hilo neno "kibali kipo" nimelisikia kuliko salamu. Mara nyingi ni kweli, kipo. Lakini kibali huja na ramani zilizogongwa muhuri, na ramani inasema ghorofa ngapi, umbali gani kutoka mpakani, jengo la kazi gani. Mtu anaweza kuwa nacho mfukoni na bado anajenga kitu kingine kabisa. Lile jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, pale pale mjini Dar, lilipandishwa ghorofa kupita zilizoruhusiwa. Kwa hiyo muulize msimamizi kibali chake kinaruhusu nini. Akianza kubabaika kwenye idadi ya ghorofa, umeshapata la kuandika.

Haki ya kuuliza unayo. Nguvu ya kumlazimisha akuonyeshe huna, na usigombane naye. Tazama kwanza kama saiti ina bango: mwenye mradi, mkandarasi, msanifu, mhandisi. Lipige picha. Kama halipo, hilo nalo liandike. Kisha mfuate mtendaji wa mtaa, umwombe aje na mkaguzi wa halmashauri. Mkaguzi hawezi kuambiwa "kibali kipo" akageuza. Anafunguliwa ramani, anashika futi kamba, anapima. Mimi niliwahi kuingia saiti moja karibu na shule, kibali kinasema nyumba ya kuishi ya ghorofa moja. Nguzo za chini zilikuwa nene za kubeba tano. Fundi akaniletea soda baridi kabla sijaomba. Nikajua.

Ila kwa kisa chako, mwanangu, wala usianzie kwenye ghorofa. Anzia kwenye mchanga. Kibali chochote cha ujenzi kinaishia kwenye bikoni za kiwanja, yale mawe ya mpakani. Njia wanayopita watoto iko ndani ya hifadhi ya barabara, na kuweka chochote pale kunataka ruhusa nyingine kabisa kutoka kwa wenye barabara. Hapo huhitaji mhandisi wala ramani: piga picha asubuhi, lundo lionekane na watoto wakiwa wamelizunguka, sura zao zisionekane.

Na hilo lundo ndilo linaloniogopesha kuliko hata tipa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamwekea dereva kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Piga hesabu: ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto wa darasa la pili ni mfupi kuliko lundo la mchanga; dereva anamwona akiwa tayari ameshatoka. Kwa kilomita 30, gari linakwenda mita 8 tu kwa sekunde hiyo hiyo. Mwaka 2020 mawaziri na wataalamu wa nchi nyingi walikutana Stockholm wakapendekeza hiyo 30 kwa sehemu ambazo magari yanachanganyika na wanaotembea kwa miguu. Kwa hiyo mkiomba tuta, ombeni na kibao cha 30 na zebra mbele ya geti. Ulizeni pia kama geti linaweza kuhamia upande wenye magari machache. Hapa hapa Dar shirika la Amend limekuwa likifanya kazi hiyo kwenye njia za shule, kwa kuweka njia za miguu, matuta na vivuko, na mwaka 2019 mpango wao wa SARSAI ukashinda tuzo ya dunia ya miji.

Barua iwe moja, ipite kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Barua ya mama mmoja huitwa ugomvi wa majirani. Tabata iko Ilala, na tangu 2021 Ilala ndiyo Jiji, kwa hiyo andikeni Mkurugenzi wa Jiji, si wa manispaa. Nakala moja TARURA, nyingine kwa trafiki wa wilaya. Yenu mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke.

Msiombe ujenzi usimame. Mtashindwa, na mtamfanya mwenye jengo adui bure. Ombeni aweke uzio wa mabati, mchanga uingie ndani ya kiwanja, tipa lisikanyage pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi wala saa za kutoka, na utingo ashuke kila linaporudi nyuma. Mengine humgharimu kidogo sana, na nimeona wenye majengo wakikubali kabla barua haijafika mjini.

Halafu tuambizane wazazi wenyewe. Nimesimama kwenye mageti ya shule zaidi ya moja. Bodaboda zenye mishikaki ya watoto watatu, gari la mzazi limeegeshwa juu ya zebra, taa za hadhari zinawaka kana kwamba ndizo ruhusa. Trafiki akija kwa ajili ya tipa, atawakuta na nyie.

*Mzee, nina nyumba yangu Morogoro, vyumba vinne na uwanja. Kibali nilipata nilipoijenga. Nataka kufungua chekechea. Kuna haja ya kibali kingine?* — Mwalimu mstaafu

Ipo, mwalimu, mstaafu mwenzangu. Ulichopewa ni kibali cha nyumba ya kuishi. Chekechea ni matumizi mengine, kwa hiyo nenda halmashauri, idara ya mipango miji, uombe kubadili matumizi kabla hujapaka picha za sungura ukutani. Usajili wa shule wenyewe una njia yake huko elimu. Na kabla ya yote hayo, amka siku moja ya kazi, simama getini kwako saa moja asubuhi, uone kama magari mawili yanaweza kupishana na la tatu likageuza. Kama haliwezi, tafuta kiwanja kingine, hiyo nyumba ipangishe.