Mashine ya randa ya kazi mbili kwa karakana ya nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama karakana yako ya nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma, inafaa mashine moja inayonyoosha mbao na kusawazisha unene wake, au mashine mbili tofauti. Kwa chumba kidogo ulichokieleza, ningechukua hiyo moja, kwa kuwa inakupa upana wa milimita 250 au zaidi upande wa kunyoosha, upana ambao katika mashine ya kunyoosha pekee huwa ghali na huhitaji nafasi kubwa.

Usumbufu upo katika kubadili kazi, maana katika aina nyingi ni lazima uinue meza za juu na kugeuza mdomo wa kutolea maranda kabla ya kupitisha ubao chini. Kwa hiyo nyoosha kwanza uso mmoja na ukingo mmoja wa mbao zote, ndipo uhamie kwenye unene.

Linalonisumbua zaidi ni ukavu wa Dodoma. Msonobari unaoletwa kutoka Iringa au Njombe mara nyingi huwa bado na unyevu, na ukiuranda siku hiyohiyo hadi unene wa mwisho, utapinda. Bakiza milimita 3 hivi, panga mbao kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, uziache wiki kadhaa, kisha umalizie.

Tafadhali usivae glavu unaponyoosha, tumia kisukumio cha mbao, na usipitishe kipande chenye urefu wa chini ya sentimita 30.