Binti aanze na ufunguzi gani kwenye mashindano ya wanawake?

Mkuu, umeuliza kama binti yako aingie mashindano ya chess (sataranji) ya wanawake na ule mtego wa farasi kurukia g5 (herufi na namba ndilo jina la kila mraba wa ubao), au atafute ufunguzi mwingine, yaani hatua za kuanzia mchezo. Mimi niliingia na mtego huohuo.

Nilikuwa nimekariri hatua nane. Ya sita farasi anakula f7, mfalme wa mwenzio anatolewa nje na nguo za kulalia. Mtaani niliwaliza wengi. Raundi ya mwisho nikapangiwa dada mmoja mpole, ana chupa yake ya chai pembeni. Nilipomla askari wake wa d5 nikasubiri naye ale kwa farasi. Hakula. Alimpeleka farasi mwingine a5, ukingoni kabisa, kumtimua askofu wangu. Kukariri kwangu kuliishia hapo. Nilikaa dakika 25 kwenye hatua moja, masikio yanawaka, yeye anajimiminia chai. Muda uliniishia nikiwa bado nimemzidi askari mmoja!

Siku hizi nacheza ufunguzi uitwao Colle: askari d4, farasi f3, askari e3, askofu d3, askari b3, askofu b2, kisha mfalme anafichwa pembeni nyuma ya ngome (castling). Vijana wanauita wa kizee. Waache. Mwaka 2023 Wachina wawili, bingwa Ju Wenjun na mpinzani wake Lei Tingjie, walifika mchezo wa 12, wa mwisho, wakiwa 5.5 kwa 5.5, taji la dunia la wanawake mezani, tena Chongqing, nyumbani kwa Lei. Ju, mwenye kete nyeupe, akafungua na huohuo wa kizee. Akashinda, taji likabaki kwake.

Uzuri wake ni kwamba binti anajua kila kete inakwenda kufanya nini. Maaskofu wote wawili wanaelekea kwa mfalme mweusi, farasi anakaa e5, askari wa f4 anamshikilia. Hata mpinzani akibadilisha mpangilio, kuna pa kuanzia kufikiri. Ila mweusi akiwahi kumtoa askofu wake f5, asilazimishe mambo. Asukume c4, malkia aende b3 kumbana askari wa b7.

Mtego asiutupe, abaki nao kwa michezo ya dakika tatu.

Jambo jingine: asogeze kete kwanza, ndipo aandike hatua hiyo kwenye karatasi yake. Mimi niliandika kabla, mwamuzi akanionya mbele ya ukumbi mzima.