Kidonda kimefunga, vidole bado vina ganzi: nisubiri hadi lini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, nakata minofu ya sangara Mwaloni Kirumba, Mwanza. Hii ni wiki ya 14 tangu kisu kiniteleze kikanikata kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole kidogo. Nilishonwa siku ileile, kidonda kikafunga vizuri, nikaambiwa ganzi itaisha yenyewe. Hadi leo kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete sivisikii, na vimeanza kujikunja. Nikigusa kovu napigwa shoti. Dukani wameniuzia vidonge vya vitamini B, na mama ananikanda kwa maji ya moto kila jioni. Niendelee kusubiri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usisubiri tena. Na mama mwombe aache maji ya moto kuanzia leo. Sababu nitakueleza.

Sisi Waswahili tuna neno moja, mshipa, tunalolitumia kwa mrija wa damu, kwa kano, kwa ngiri na kwa neva. Ndiyo maana mtu akiambiwa "mshipa uliguswa kidogo" anarudi nyumbani ametulia, akidhani ni ule wa damu ambao umeshafungwa. Wewe kwa maelezo yako umekatwa neva, ule mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo. Huo ndio unaoleta hisia kwenye kidole hicho na nusu ya kile cha pete, na ndio unaoendesha misuli midogo ya kiganja: ile ya kutanua vidole, ya kuvinyoosha, na ya kubana dole gumba. Misuli hiyo ikilala, ile mirefu ya mkononi inabaki ikivuta peke yake, na vidole vinajikunja kama unavyoviona.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Shika karatasi ya daftari kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Kama kidole gumba cha kushoto kinalazimika kupinda kwenye kiungo cha juu ili kuishikilia, na cha kulia hakipindi, msuli wa kubana umelala. Kuna dalili nyingine ambayo wewe unayeshinda kwenye maji utaiona upesi kuliko mtu yeyote: vidole vyote vikikunjamana ngozi kwa kukaa majini, kile kisicho na neva hubaki laini. Halafu hakitoi jasho.

Neva ifikirie kama kamba ya manila ya kufungia mtumbwi: ganda nje, nyuzi nyingi ndani. Daktari Seddon wa Uingereza mwaka 1943 aligawa majeraha ya neva katika madaraja matatu, na bado tunayatumia. La kwanza, kamba imebanwa tu, nyuzi ni nzima ila zimezubaa. Mtu aliyelalia mkono usiku kucha anaweza kuamka kiganja kimelegea, akapona ndani ya wiki au miezi michache. La pili, nyuzi zimekatika lakini ganda lipo, kwa hiyo zinajiotea upya zikifuata njia yake. La tatu, kamba nzima imekatika. Hapo nyuzi zinaota, ndiyo, lakini hazioni njia. Zinajiviringa kwenye kovu zikawa kinundu. Shoti unayoisikia inatoka hapo. Ingekuwa neva inakua kuelekea kidoleni, sehemu inayopiga shoti ingekuwa inasogea mbele ya kovu mwezi hadi mwezi. Yako, kama nimekuelewa, imeganda palepale.

Ushauri wa kusubiri una mahali pake. Aliyevunjika mfupa wa juu ya mkono akalegea kiganja, au aliyepata ganzi baada ya kubanwa, mara nyingi tunamfuatilia kwa miezi kama mitatu kwanza. Lakini jeraha la kisu au kioo lililoacha ganzi tunalihesabu kuwa limekata neva mpaka ithibitike vinginevyo. Siku ile ilitakiwa vidole vyako vijaribiwe kabla ya sindano ya ganzi, na jeraha litazamwe ndani. Naumia ninapoona kijana anapoteza miezi kwa jambo la kupimwa kwa dakika mbili.

Hesabu yenyewe iko hivi. Neva ikiunganishwa inakua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole kidogo ni kama sentimita 16, yaani zaidi ya miezi mitano, ukiongeza wiki chache za kuanza. Misuli nayo haingojei milele: isipofikiwa ndani ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu inageuka nyama isiyoitika. Dereva wa bodaboda aliyeng'olewa neva za bega ana safari ndefu mno. Wewe jeraha lako liko karibu na kiganja, kwa hiyo bado una nafasi.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli husaidia, na ultrasaundi inaweza kuonyesha ncha zilizokatika, ila usikubali kukaa miezi ukisubiri mashine wakati mkono wenyewe unajieleza. Kwenye upasuaji, kinundu kinakatwa na ncha zinashonwa kwa uzi mwembamba chini ya kioo cha kukuza. Kwa wiki 14 ncha huwa zimerudi nyuma, hivyo huenda ikachukuliwa kipande cha neva ya mguuni kuziba pengo. Utabaki na ganzi kidogo pembeni ya unyayo, hasara ndogo. Mkono unafungwa wiki kama tatu, kisha mazoezi. Siwezi kukuahidi mkono wa zamani: kwa mtu mzima mara nyingi hisia ya kujikinga hurudi, nguvu hurudi kiasi, wepesi wote ni nadra. Misuli ikikataa kabisa, kano yenye kazi ndogo inaweza kuhamishwa kunyoosha vidole.

Vitamini B haiungi neva iliyokatwa. Humsaidia aliyepungukiwa nayo, basi. Na maji ya moto: ngozi isiyosikia haikuonyi inapoungua. Badala ya kukandwa, nyoosha vidole hivyo kwa mkono mwingine asubuhi, mchana na jioni, viungo visikakamae. Ukiwa kazini vaa glavu, na kila jioni kagua kidole kwa macho, kwa sababu mwiba wa samaki utakuchoma usijue.

Nenda hospitali ya Sekou Toure wiki hii, uombe rufaa ya hospitali ya Bugando kwa daktari wa upasuaji. Kama una cheti cha siku uliyoshonwa, kibebe. Tarehe hiyo ndiyo tutakayoanzia kuhesabu.