Mama ameacha metformini, anakunywa unga wa mlonge

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari. Alikuwa anameza metformini. Jirani akamletea unga wa majani ya mlonge, na muuzaji anasema una flavonoidi zilizothibitishwa maabara kushusha sukari, ilhali vidonge ni kemikali zinazoua figo. Mama ana wiki mbili hajagusa kidonge. Je, unga huo unatosha? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hautoshi. Mpime mama sukari leo, kisha mpeleke kliniki anakotibiwa aangaliwe na kurudishiwa dawa. Waambie ukweli kuhusu huo unga, msiufiche kwa kuogopa kugombezwa. Na kuhusu figo: kinachoziharibu ni sukari iliyoachwa juu miaka mingi. Metformini hupunguzwa au kusimamishwa pale figo zinapokuwa zimeshadhoofu, ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha damu. Hiyo “kemikali” nayo chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis wa Ulaya.

Sasa nije kwenye neno “maabara”, maana haipiti wiki bila mtu kufika kwenye dirisha langu la dawa akiwa na neno hilo kwenye simu.

Kwamba mlonge una flavonoidi, yaani viambato vya asili vya mimea, ni kweli. Una kwersetini na kemferoli. Lakini kwersetini hiyohiyo imo kwenye kitunguu mnachokaanga kila siku, na mama hakupona kwa mchuzi. Uongo umejificha kwenye “zilizothibitishwa”. Mara nyingi kilichofanyika ni hiki: seli zimewekwa kwenye kisahani, zikamwagiwa kwersetini safi, matokeo yakaandikwa. Kisahani hakina utumbo wala ini. Binadamu anavyo, na kwersetini ikimezwa, ukuta wa utumbo na ini huibadilisha upesi ili itoke mwilini. Inayofika kwenye damu ikiwa na umbo lake la awali ni kidogo mno. Isitoshe, kwersetini ina tabia ya kunata kwenye protini za kila aina na kuvuruga vipimo. Ndiyo maana inaonekana kutibu kansa, malaria, presha na sukari kwa pamoja. Muuzaji akiona hivyo hushangilia. Mkemia anayetafuta dawa huanza kuwa na wasiwasi.

Simaanishi kwamba flavonoidi hazina kitu. Zimeshazaa dawa ya kisukari, na safari yake ilikuwa ndefu. Mwaka 1835 wakemia wa Ulaya walipata florizini kwenye gome la mzizi wa mtufaha. Nayo ni ya ukoo wa flavonoidi. Mwaka 1886 Joseph von Mering akaonyesha kuwa inafanya sukari itoke kwa mkojo. Hata hivyo haikufaa kuwa kidonge, kwa sababu vimeng’enya vya utumbo huikata kabla haijafika inakotakiwa. Ikabidi wakemia waunde molekuli mpya kwa kuiga umbo lake, wakibadilisha kiungo kile kinachokatwa. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, dapagliflozini, ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2012, miaka 177 baada ya lile gome. Katika muda wote huo hakuna aliyepona kisukari kwa kutafuna matufaha.

Tazama na dawa hizi mbili za ukoo huohuo wa flavonoidi zilizopitishwa Marekani. Ya 2006 ni marhamu ya katekini za chai ya kijani, ya kupaka kwenye masundosundo ya sehemu za siri. Ya 2012 ni krofelemeri, kutoka utomvu wa mti wa Amazon, Croton lechleri, kwa kuhara kwa watu wenye VVU wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Moja hufanya kazi juu ya ngozi, nyingine ndani ya utumbo. Hakuna inayolazimika kuvuka kwenda kwenye damu. Muulize muuzaji wenu ya kwake inavukaje.

Mama akipenda mlonge, aule kama mboga, na mhudumu wake ajue. Ninachokataa ni kopo lisilo na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lisilosema mna miligramu ngapi za kitu gani, likauzwa kwa mgonjwa aliyeambiwa atupe vidonge. Hawa wauzaji hawapimi sukari ya mteja, hawaulizi anatumia nini kingine, na akizidiwa usiku simu zao hazipokelewi.

Liko jingine linalonitisha. Unga ukishusha sukari ndani ya saa chache, watu hufurahi, lakini mimi huogopa, kwa sababu huenda umetiwa dawa ya hospitali kwa siri. Singapore mwaka 2008 watu wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka kupita kiasi baada ya kumeza dawa za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, na wengine walikufa. Kwa hiyo mkienda kliniki bebeni na kopo lenyewe. Na mama akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuongea yasiyoeleweka, mpe maji ya sukari kama bado anaweza kumeza, kisha mkimbizeni hospitali.