Mstaafu Apewe Kadi ya Kilwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza mstaafu wa Kitanzania anaijaza siku yake kwa lipi. Mmeleta mfano wa Uingereza, ambako wastaafu wengi hushinda bustanini asubuhi, kisha wakatoka na kadi zao za uanachama wa National Trust, chama cha kutunza urithi wa kale, kwenda kutembelea majumba ya kale. Mkamalizia kwa kuuliza: huku kwetu mtu akistaafu anajiunga na nini?

Najibu kutoka Lindi mjini. Nilikuwa fundi sanifu wa maji, mtu wa mabomba, pampu na visima, hadi nilipotimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Jibu langu ni kwamba bustani peke yake haimtoshi mtu aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote. Mwili utaridhika, lakini jicho alilolinoa kazini litabaki na njaa. Mkoa wetu una mengi ya kulilisha jicho hilo, kuanzia magofu ya Kilwa. Kinachokosekana ni utaratibu wa kumwingiza mstaafu.

Nianze na bustani, maana ndiyo inayonitoa kitandani. Iko uani: matuta ya mchicha, bamia na matembele, mipapai kando ya ukuta, mlimau, na migomba pale yanapotokea maji ya bafuni. Udongo wetu wa pwani ni mchanga, unameza maji na haubakizi kitu. Anayemwagilia saa nne asubuhi jua likishakuwa kali analipia maji yanayokwenda angani. Mimi humwagilia baada ya swala ya alfajiri au jioni jua likishapoa, na hakuna tuta langu linaloachwa uchi. Juu yake naweka matandazo ya majani makavu ya mgomba, na chini ya mipapai nafukia makumbi ya nazi yaliyolowekwa, ambayo hushika unyevu siku kadhaa.

Kwenye maji ndipo ninapopenda kukaa na watu. Wengi hawajui bati la nyumba yao linaweza kuwapa kiasi gani. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 20 kwa usiku mmoja limepokea lita 1,200. Hata ukitoa yanayoruka na yanayovuja kwenye gata, tangi la lita 1,000 linaweza kujaa kabla hujaamka. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite chini kwanza, ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uelekeze bomba kwenye tangi.

Lakini huku kusini mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Lita 1,000 hazikufikishi Oktoba. Tangi ni la kuvukia siku kavu katikati ya masika. Kiangazi kinavukwa kwa maji yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mchele, ya udhu, na ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi, haya ya mwisho kwa migomba tu. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, nilimchimbia mfereji mdogo kutoka pale wanapotilia udhu mpaka shina la mlimau wake. Mlimau ule sasa unazaa mpaka anagawa mtaani. Kazi ya namna hii naifanya bila malipo, na furaha yake naijua mwenyewe.

Kuhusu mikorosho nitasema kidogo, kwa kuwa wastaafu wengi wa Lindi na Mtwara hurudi huko. Mkorosho ni mti mwema, na pensheni ya mwezi inahitaji msaidizi. Ila kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, Juni na Julai, mashine ikiwa mgongoni na vumbi likikurudia usoni, ni kazi ya kuwalipa vijana wenye miguu na mapafu mazima. Wala sishauri mkupuo wote wa mafao ya kustaafu uishie kwenye ekari mpya. Lima unachoweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Basi, bustani imemwagiliwa, kuku wamefukuzwa kwenye miche, chai imenyweka. Ni saa nne. Hapa ndipo wenzangu wengi wanapopotelea. Wengine hukaa barazani hadi adhuhuri, bao likiwapo wanacheza, lisipokuwapo wanazungumzia maradhi. Si kwamba ni wavivu. Mtu aliyekuwa anasubiriwa na pampu, na darasa, na wodi, ghafla hasubiriwi na chochote.

Nilipokuwa kazini nilipita Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, mara nyingi nikielekea Dar es Salaam, na kila mara basi liliendelea na safari. Nilipostaafu nikashuka, nikaenda Kilwa Masoko, nikachukua kibali, nikavuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale. Wageni hupelekwa kutazama Msikiti Mkuu kwa uzuri wake, na ni haki: ulianzwa karne ya 11, ukaja kupanuliwa kwa matao na kuba, wote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mimi nilisimama zaidi mahali pa kutawadhia. Pana kisima, pana matangi ya maji, pana mawe ya duara ya kusugulia miguu. Nikaanza kujiuliza maswali ya kazini: maji yaliingilia wapi, yalitokea wapi, nani alikuwa akisafisha tope?

Kisima cha kisiwani kina siri ambayo kila fundi wa pwani anaijua. Maji baridi ya mvua yakizama ardhini hayachanganyiki mara moja na maji ya bahari. Kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu ya maji chumvi. Ukichota kwa kiasi unakunywa maji matamu. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda na kisima kinaharibika, pengine kwa muda mrefu. Kwa hiyo mji ule uliokaa karne nyingi juu ya kisiwa ulikuwa na watu wenye nidhamu ya maji. Hilo halijaandikwa ukutani, lakini linasomeka ukiwa umewahi kufunga pampu Lindi na kuona mita ya chumvi ikipanda.

Kisha kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linaloitazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika zama za sultani huyo, akausifu mji kwa uzuri. Ndani ya jumba kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Watu hupiga picha na kuondoka. Mimi nilikaa ukingoni nikifikiria vichwa na mabega yaliyolijaza, maana maji hayapandi jabali yenyewe, na zama zile hapakuwa na pampu za injini. Ningependa mtoto wa shule afike pale akute mzee wa kumwambia hivyo, ampe ndoo ya lita 20 aibebe kutoka chini, ndipo aseme anaijua Husuni Kubwa.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa mawimbi kula ufuo, miti kuota ndani ya kuta na majengo kuchakaa, na mwaka 2014 zikatolewa baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini bahari haijaacha kupiga, wala mbegu ya mti haijaacha kudondoka kwenye ufa. Kazi ya kutunza magofu haiishi, na sehemu yake kubwa ni ya subira: kuzunguka, kutazama, kuandika ufa huu umefika wapi mwaka huu, kung'oa mche kabla mzizi haujawa mnene. Nani ana subira na asubuhi zisizo na bosi kama sisi?

Sasa narudi kwa hao wa Uingereza. National Trust ilianzishwa mwaka 1895, inahudumia England, Wales na Ireland ya Kaskazini, na ina wanachama zaidi ya milioni 5. Mwanachama hulipa ada ya mwaka, naye huingia bila kiingilio katika majumba na bustani za chama. Zaidi ya hapo, makumi ya maelfu ya watu hujitolea kufanya kazi humo, na wengi wao ni wastaafu: wanapokea wageni vyumbani, wanapalilia, wanaandika orodha za vitu. Kadi inamfanya mtu aseme mahali hapa ni pangu.

Nasikia watu wakisema mambo ya uanachama ni ya wazungu. Sikubali. Mstaafu wa Lindi ni mwanachama wa kikoba, wa SACCOS, wa chama cha msingi kama ana korosho, wa msikiti au jumuiya ya kanisa, na zaidi ya vyote wa chama cha kufa na kuzikana. Anatoa mchango wake kila mwezi bila kusukumwa, anahudhuria, na asipohudhuria anatozwa faini. Utamaduni wa uanachama tunao tele. Tulichokosa ni chama cha kutunza vya kale tulivyorithi, chenye kadi ambayo mamlaka zinazosimamia magofu zinaitambua.

Ningetaka kadi hiyo iwe na masharti. Mstaafu alipe ada ndogo ya mwaka na aruhusiwe kuingia, naye atoe siku zake za kazi chini ya wataalamu wa mambo ya kale. Chini ya wataalamu, nasisitiza, kwa sababu nia njema inaweza kubomoa. Ukuta wa matumbawe ulijengwa kwa chokaa, nao unahitaji kupumua. Akija mtu na mfuko wa saruji akaziba ufa, saruji ile ni ngumu kuliko ukuta, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na jiwe la pembeni ndilo linalomegeka. Mwashi mstaafu aliyezoea saruji afundishwe kwanza. Mwalimu mstaafu apewe wanafunzi. Muuguzi mstaafu awe na sanduku la huduma ya kwanza siku ya safari za shule. Nahodha atavusha watu. Kila mmoja aje na kazi aliyoijua.

Na si Kilwa tu. Kilima cha Tendaguru kiko umbali wa kilomita 60 hivi kutoka hapa Lindi, na hakuna mtoto asiyesikia habari za yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyechimbwa huko na sasa yuko Berlin. Mifupa ilionwa na mhandisi Bernhard Sattler mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, ulioongozwa hapo mwanzo na Werner Janensch na Edwin Hennig, ukachimba. Mjusi mwenyewe alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na leo urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Haya wanafunzi wetu huyataja. Wasiyoyataja ni kwamba mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na kwamba mizigo ilibebwa kichwani na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Jina la Boheti lingepaswa kuwa midomoni mwa watoto wa Lindi kama majina ya wachezaji wa mpira.

Mifupa iko mbali, lakini njia ya wapagazi iko hapa. Ilipita kwenye vijiji, ikakata mito, ikalala mahali palipokuwa na maji. Wazee wa vijiji vile walisikia habari kwa babu zao. Wastaafu wakigawana vijiji, wakakaa na wazee hao na kuandika, njia ile inaweza kuchorwa tena kisima kwa kisima. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji nauli, daftari, na adabu ya kusikiliza mzee bila kumharakisha.

Kadi bado haijapatikana, lakini kazi imekwisha kuanza. Ninaandika visima vya zamani vya Lindi mjini, vile vilivyonywesha watu kabla ya mabomba: kiko wapi, kimejengewa kwa jiwe gani, kina chake, kinaingia chumvi mwezi gani, nani anasemekana alikichimba. Mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri ananinakilia, na mzee mmoja aliyekuwa baharia ametuongezea visima vya ng'ambo ya maji, upande wa Kitunda. Vingine vimefukiwa na juu yake pamejengwa, hivyo tunakwenda kwa kauli za watu wawili watatu wanaokubaliana.

Kama kuna mstaafu wa Kilwa Masoko anayesoma haya, hasa aliyefanya kazi ya maji au aliyezaliwa Kisiwani, namwomba aandike kupitia ukurasa huu. Nataka kujua visima vya kisiwani ambavyo bado vinachotwa leo vinashuka kiasi gani ifikapo Oktoba, na kama wenyeji wana utaratibu wa kuvipumzisha.

Msomaji wenu, Lindi