Programu ya karaoke ya nyumbani: anza na aina ya mafaili

Mkuu, umeuliza uweke programu gani kwenye laptop ili familia iimbe karaoke kwenye runinga. Angalia kwanza nyimbo ulizonazo ziko katika muundo gani. Kama ni MP3+G, yaani faili la sauti na faili la CDG la maneno, yote mawili yana jina lilelile, chukua OpenKJ. Ni ya bure, na inapanga foleni ya waimbaji, kwa hiyo ugomvi wa zamu unakwisha. Ila picha ya CDG ni ndogo mno, nukta 300 kwa 216, hivyo kwenye runinga kubwa herufi zitaonekana zimechanika kingo. Usiilaumu programu.

Kama watoto wanapenda kushindana, UltraStar Deluxe ni tamu sana: inasikiliza sauti yako, inailinganisha na noti za wimbo, inatoa pointi. Nayo ni ya bure, lakini inataka mafaili yake maalumu yenye noti. KaraFun inamfaa asiyetaka kukusanya nyimbo, unalipia usajili.

Kinachoharibu karaoke nyingi za nyumbani ni sauti kuchelewa. Mwimbaji akijisikia kwa kuchelewa anapoteza mdundo, hata awe hodari vipi. Usipitishe maikrofoni ndani ya kompyuta. Ichomeke kwenye mixa, yaani kifaa cha kuchanganya sauti, na muziki wa kompyuta uingie hapohapo kwa waya. Kwa UltraStar maikrofoni lazima ifike kwenye kompyuta ili pointi zihesabiwe, basi zima tu sauti yake isisikike kupitia spika za kompyuta. Na spika za Bluetooth ziache kabisa, nazo huchelewesha sauti.