Usiandike ubaoni kwamba "get" ni "pata"

Mama mmoja wa darasa langu la Kiingereza la jioni huku Kayole, Nairobi, anafanya kazi ya nyumba kwa familia ya wageni Kileleshwa. Siku moja alitoka kazini giza likiingia, na kabla hajapanda matatu mwajiri wake akamtumia ujumbe: "Text me when you get home," yaani amjulishe akishafika nyumbani. Mama akasimama pale steji akausoma mara tatu. "Home" aliijua. "Get" pia aliijua, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, tena kwa herufi kubwa ubaoni: GET = PATA. Akaelewa kwamba anaulizwa habari za kupata nyumba. Akajibu kwa heshima zote kwamba nyumba anayo, hana mpango wa kuhama, na kodi ya mwezi ameshalipa.

Alipotusimulia Jumatano darasa lilivunjika mbavu, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilicheka nao, lakini nilijua ile nyumba nimeijenga mimi.

Hawa ninaowafundisha ni watu wazima: walinzi, wauza mboga, kijana wa bodaboda, fundi cherehani. Tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa mara mbili kwa wiki. Ni wanaoanza, lakini Nairobi hakuna anayeanza Kiingereza kutoka sufuri. Kila mmoja wao alikuwa akisema "umeget?" miaka mingi kabla ya kunijua, akimaanisha umeelewa. Wanalo neno mdomoni, maana moja tu, na huo ni mtaji ambao niliupuuza kabisa.

Baada ya kisa cha nyumba nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nililala usiku na kamusi, nikaja na maana ishirini za "get" nimezipanga kwa namba kama orodha ya bei. Kununua, kuleta, kupokea, kufika, kuwa, kuelewa, kushikwa na ugonjwa, kupanda, kushuka, endelea hivyo. Wanafunzi wakanakili zote kimya kimya. Nilipofika namba kumi na nne mzee mmoja, mlinzi, akainua mkono: "Mwalimu, na geti nayo imo?" Nikadhani ananitania. Kumbe mkubwa wake humwambia "Get the gate" kila akirudi na gari, na sikio la mzee lilikuwa linasikia neno moja limesemwa mara mbili: geti, geti. Alikuwa akifungua kwa sababu taa za gari zilimmulika usoni, si kwa sababu ameelewa. Kabla ya maana yoyote ilibidi tukae dakika kumi na sauti: "get" fupi, inayokatika ghafla, na "gate" inayovutwa kidogo. Ukifundisha Mswahili neno hili, anzia hapo. Sisi tunapenda kumalizia kila neno kwa irabu, na tukishaiweka hiyo "i" mwishoni, kitenzi kinageuka mlango wa chuma.

Orodha ile niliitupa. Wala tusidhani "get" ndiyo sugu peke yake. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipokishughulikia kitenzi "run", hesabu iliyotangazwa mwaka 2011 ilikuwa maana 645. Hakuna Mwingereza aliyekaa chini akazikariri.

Kilichonifungua macho ni Kiswahili chenyewe. Niliwauliza darasani: "piga" maana yake nini? Wakasema kuchapa. Nikauliza, basi ukipiga pasi unaichapa? Ukipiga simu? Ukipiga mswaki, ukipiga kura, ukipiga chafya, ukipiga magoti, ukipiga hodi? Ukumbi ukapamba moto, kila mtu akileta yake, kijana wa bodaboda akaleta "kupiga kona", na fundi cherehani akakumbusha kwamba kuna watu wanaopiga maji nayo hayalii. Nikauliza sasa mnajuaje ni ipi? Yule mama wa Kileleshwa akajibu bila kufikiri: "Si unangoja lile neno la pili."

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofundisha: tunangoja neno la pili. Hata "pata" niliyoiona nyepesi ina visa vyake. Kisu kikiwa butu tunasema hakipati. Mzee akiwa na umri wa yapata miaka sabini, hajapata chochote hapo. Mtu akikuuliza "umenipata?" hakuwa amepotea.

Kwa hiyo wiki ya kwanza baada ya "get" kinakuja kitu tu. Naweka mezani paketi ya maziwa, pakiti ya unga, chaja ya simu. "Get the milk." Mtu anainuka anachukua. "I got a message." Anaonyesha simu. Sitafsiri. Mama yule alituambia kwamba siku mvua ilipoanza ghafla na mwajiri akapaza sauti "Get the clothes!", alitazama mawingu, akatazama kamba, akakimbia. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka, na kamusi haina. "I've got" naipitia haraka: nawaambia ni "nina", basi, tusonge.

Wiki ya pili panakuja mahali. "I get to town at seven." Hapa kuna tope la saa, kwa sababu yetu ni saa moja asubuhi, na usipokuwa mwangalifu somo la "get" linageuka somo la saa. Likigeuka, liache ligeuke, wanalihitaji pia. Kisha unawaonyesha kwamba "home", "here" na "there" hazitaki ile "to". Mama alipoliona hilo alijipiga paji la uso.

Wiki ya tatu ndiyo tamu, na ndiyo ninayokuomba usiikimbize. Baada ya "get" inakuja hali: "tired", "hungry", "wet", "angry". Kiswahili mara nyingi hakihitaji maneno mawili hapa. Tunachoka, tunakasirika, tunazeeka, tunalewa, yote ndani ya kitenzi kimoja, ndiyo maana wanafunzi wanasema "I am tire" na ukiwasahihisha hawaoni tofauti. Sasa tumia viambishi vyao wenyewe. Andika "nimechoka" upande mmoja wa ubao na "naanza kuchoka" upande wa pili. Waulize nani ameshafika kwenye uchovu na nani yuko njiani. Hawatakosea; hiyo "-me-" wamenyonya nayo. Kisha uandike chini yake: "I am tired", na kule "I am getting tired". Fundi cherehani, mtu wa maneno machache, alitazama ubao muda mrefu akasema, "Kumbe *get* ni safari na *am* ni kituo." Nimesoma vitabu kadhaa vya kufundishia na sikumbuki kilicholisema vizuri hivyo.

Akanifanya nifikirie upya ule usawa wangu wa ubaoni. Ukinilazimisha leo nichague neno moja la Kiswahili la kusimama nyuma ya "get", nitachagua "fika" kabla ya "pata". Maziwa yanakufikia. Wewe unafika nyumbani. Unafika kwenye uchovu. Maneno yakikufikia, umeget. Lenyewe neno Waingereza waliletewa na watu wa Skandinavia waliovuka bahari kwa majahazi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwao lilikuwa "geta", nalo lilibeba kupata. Sasa sitaandika GET = FIKA ubaoni, maana najua wiki itakayofuata nitaletewa ujumbe gani.

Kupanda na kushuka nafundisha kwa mfano wa magari ya abiria. Gari unaloweza kusimama na kutembea ndani, kama basi kubwa, ni "get on" na "get off". Unaloingia umeinama, kama teksi au ile ya abiria kumi na wanne, ni "get in" na "get out". Hapa jiandae kubishiwa, kwa sababu Nairobi watu wamezoea kusikia "board" na "alight", na watakuuliza kwa nini unawafundisha Kiingereza cha chini. Waambie vyote viwili vinashusha abiria.

"I got robbed" sikuipanga. Waliidai wao siku kijana wa bodaboda alipoporwa simu. Tuliifunga na ile "-wa" ya kuibiwa, na ikaingia siku hiyo hiyo. "Get over", "get along" na ndugu zao waache kwanza, mpaka mtu akutane nazo na aje nazo mwenyewe.

Na kwenye daftari nakataza kuandika "get" peke yake kwenye mstari. Aandike fungu zima: "get home", "get wet", "get the gate". Swali la "maana yake nini?" tumelipiga marufuku, anayeuliza anajibiwa na darasa zima, "Ikifuatwa na nini?"

Jumatatu iliyopita mvua ilituangukia tukitoka. Saa tatu usiku simu yangu ikalia, mama wa Kileleshwa: "Mwalimu I get home. I got wet. I am getting hungry." Ile "get" ya kwanza, iliyotakiwa kuwa "got", niliiacha hadi Jumatano.